Mafua yale yale, mmoja kapewa antibayotiki mwingine kanyimwa

SWALI: Shikamoo daktari. Mwezi uliopita nilienda hospitali na mafua na kikohozi nikaandikiwa antibayotiki. Juzi mdogo wangu kaenda hapo hapo, dalili zile zile, daktari mwingine kamwambia apumzike tu na anywe maji. Sasa nani kakosea, au mimi ndo niliumwa zaidi?

JIBU: Marahaba. Inawezekana kabisa mliumwa kitu kimoja, kilichotofautiana ni daktari na saa mliyoingia. Mafua na vikohozi vingi vinaletwa na virusi, na antibayotiki haina la kufanya na virusi, yenyewe ni ya bakteria. Hilo madaktari tunalijua, kwa hiyo mara nyingi shida sio elimu. Shida iko pale mezani, foleni nje haipungui, kipimo cha kuotesha bakteria majibu yake siku 2 au 3 na mgonjwa yupo mbele yako sasa hivi, unajiuliza nikimwachia aende halafu kumbe ni nimonia inaanza, je atarudi? Basi unaandika ili ulale usingizi. Alafu kuna uchovu. Utafiti uliotoka Marekani 2014 ulionyesha kwamba kadiri saa za zamu zinavyosogea ndivyo madaktari wanavyozidi kuandika antibayotiki kwa wagonjwa wa mafua na vikohozi, maana kuandika ni haraka ila kumweleza mtu kwa nini humwandikii kunataka muda na nguvu.

Na kuna hili linaloniuma zaidi, tunakisia mgonjwa anataka dawa wakati yeye kaja apimwe kifua tu aambiwe ni nini. Tunaogopa kumuudhi bila hata kumuuliza! Daktari mgeni naye anaiga wakubwa wake wanavyoandika, ndo inakuwa mazoea ya kliniki nzima.

Wewe ukienda tena muulize wazi, unadhani hii ni bakteria? Nikiona nini nirudi? Swali hilo linampa nafasi ya kutoandika. Makohozi ya njano au kijani peke yake sio ushahidi wa bakteria, na kikohozi cha virusi kinaweza kufika wiki 3. Mdogo wako akianza kupumua kwa shida, kifua kikabana au homa ikapanda tena baada ya kushuka, arudi siku hiyo hiyo. Na kama ulibakiza vidonge vyako, tafadhali usimpe.