Kesi za kupangiwa: majibu yangu kwa wakili kijana wa Lindi

Kijana mmoja aliyeapishwa uwakili si muda mrefu, akafungua kaofisi kake Lindi mjini, ameniandikia: “Dada, nasikia Mahakama Kuu ina orodha ya mawakili wanaopewa kesi za mauaji kwa gharama za serikali. Fomu yake naipata wapi?” Nimecheka peke yangu. Swali hilohilo niliwahi kumwuliza wakili mmoja mkubwa wa hapa Mtwara nilipokuwa mgeni, akanijibu mbele ya makarani wake kwamba hizo ni kesi za mawakili wenye njaa. Jibu lile ninalo mpaka leo. Na kwa kuwa katika sesheni iliyoisha juzi, yaani kikao cha Mahakama Kuu cha kusikiliza kesi kama hizi, mteja wangu wa kupangiwa ametoka huru, leo nina nguvu ya kujibu vizuri kuliko nilivyojibiwa mimi.

Mimi sikujaza fomu. Niliandika barua kwa Naibu Msajili wa Mahakama Kuu, Kanda ya Mtwara, nikaeleza kwamba nipo, ofisi yangu ipo mtaa fulani, namba ya simu hii hapa, na niko tayari kupangiwa kesi za jinai popote ndani ya kanda. Nikaambatisha nakala ya leseni. Halafu nikaanza kuonekana. Hiyo ndiyo siri kubwa, ndugu yangu: onekana. Kanda hii inabeba mikoa miwili, Mtwara na Lindi, na mawakili wengi wamejaa Dar es Salaam. Naibu Msajili anapopanga sesheni anatafuta mtu atakayepokea simu na atakayefika.

Hakikisha leseni yako ni hai. Inaisha kila tarehe 31 Desemba, na siku hizi hali yako inaonekana kwenye mfumo wa e-Wakili, hata mwananchi wa kawaida akitaka anaiangalia. Lipa ada zako za Chama cha Mawakili wa Tanganyika mapema. Usingoje pesa za msimu wa korosho kama mkulima, maana huna shamba.

Kwa nini serikali ilipe? Kwa sababu mtu akitiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia, Kanuni ya Adhabu inampa Jaji adhabu moja tu, kunyongwa. Wengi wanaosimama na shtaka hilo huku kwetu ni watu wa jembe na wavuvi, na dhamana hawana. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inasema Jaji au Hakimu akiona haki inadai mshtakiwa awe na wakili, na mwenyewe hana uwezo, atatoa hati, na wakili atapangwa. Siku hizi kesi hizi zinasikilizwa pia na Mahakimu Wakazi waliopewa mamlaka ya ziada, kwa hiyo nafasi za vijana zimeongezeka. Usikae ofisini ukingoja mirathi na migogoro ya viwanja peke yake.

Sasa nikupe ambayo hayamo kwenye sheria. Siku ya kwanza kwenda gereza la Lilungu kumwona mtu wangu, aliniangalia kuanzia viatu mpaka kichwani, akaniuliza kama nimetumwa na waliomkamata. Ameambiwa na wenzake kwamba analetewa wakili wa serikali, na anayemshtaki naye ni Wakili wa Serikali. Wewe ungeamini? Nilikaa naye, nikamwambia anayenilipa ni serikali lakini ninayemtetea ni yeye, na atakachoniambia kitabaki kwangu. Hakuniambia kitu siku ile. Nikarudi. Safari iliyofuata alianza na habari za mama yake kule Liwale, na katikati ya habari hizo ndipo kesi yenyewe ikatoka.

Ndugu zake walikuwa wagumu zaidi. Mjomba wake alinipigia simu kuniambia wanachanga wamtafute “wakili wa kweli” kutoka Dar es Salaam. Iliniuma, sitaki kudanganya. Baadaye mchango uliposhindikana, mjomba huyohuyo akataka kunitumia kitu kidogo kwenye simu “ili uchangamke”. Nilikataa, na wewe kataa, hata ikiwa ni nauli ya bodaboda. Ukipokea shilingi moja kwa mtu ambaye serikali imemlipia wakili, umeuza jina lako.

Kesi yenyewe ilisimama juu ya maelezo ya onyo, yaani yale polisi wanayoyaandika kwa mshtakiwa baada ya kumwonya kwamba anaweza kutumiwa hayo mahakamani. Nilipoyasoma kwenye jalada niliona tarehe. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai inawapa polisi muda wa saa nne tangu mtu azuiliwe wawe wamemhoji, au waombe kuongezewa muda. Mtu wangu alikamatwa jioni, maelezo yakaandikwa mchana wa siku ya pili. Upande wa mashtaka ukasema barabara ya kutoka kijijini ni mbaya, na ni kweli muda wa safari hauhesabiwi, na ni kweli pia barabara za Liwale wakati wa masika hazina adabu. Lakini kitabu cha mahabusu cha kituoni kilionyesha kwamba aliingia usiku uleule. Niliomba kisomwe. Tukaingia kwenye kesi ndani ya kesi, yaani kusikiliza kwanza kama maelezo yale yapokelewe au la, Mheshimiwa Jaji akayakataa. Ushahidi uliobaki ulikuwa wa kusikia kwa fulani aliyesikia kwa fulani. Jaji akaona mtu wangu hana kesi ya kujibu, akamwachia.

Mjomba alikuwa ukumbini. Alinipa mkono, akaniita mwanangu.

Vijana wenzangu, tatizo letu tunamsoma mteja kwa mfuko wake. Jalada la kulipwa tunalisoma mara tatu, la kupangiwa tunalifungulia kwenye korido Jaji akiwa anaingia. Nimewaona kwa macho yangu watu wenye suti nzuri wakimwuliza mshtakiwa jina lake kizimbani. Halafu watu haohao wanalalamika hawapangiwi tena. Soma jalada. Nenda gerezani kabla ya usikilizwaji wa awali, ile siku ya kusomewa shtaka na mambo yasiyobishaniwa, usikutane na mtu wako siku hiyo. Na onekana, nimeshasema.

Pesa ni kidogo na zinachelewa. Weka nakala ya barua ya kupangiwa na kumbukumbu za kila siku uliyosimama, maana bila hizo dai lako litazunguka mezani mpaka ulisahau. Usikodi ofisi kwa kuzitegemea. Wanaonijia na kazi za kulipa sasa, wengi waliniona nikisimama kwenye kesi hizi za “njaa”.

Kijana ameuliza pia kama unaweza kukataa kesi ukishapangiwa. Unaweza, tena wakati mwingine lazima, kwa mfano ikiwa familia ya marehemu ni wateja wako wa shamba. Ila andika barua siku hiyohiyo uliyopata taarifa. Ukingoja asubuhi ya kesi, Jaji ataahirisha, wewe utarudi ofisini kwako kunywa chai, na mshtakiwa atapandishwa karandinga kurudi mahabusu kungoja sesheni nyingine.