Kapsuli Ambayo Mguu Haukuihitaji

Nilipovunjika muundi katika ajali ya bodaboda, daktari aliniandikia tramadoli, dawa ya kutuliza maumivu, kapsuli ya miligramu 50 mara tatu kwa siku, kwa siku 7. Kufikia siku ya tano mguu ulikuwa umetulia, lakini duka langu lilikuwa limefungwa tangu siku ya ajali, mwenye nyumba alidai kodi ya miezi mitatu, nami nilikesha nikihesabu madeni hadi adhana ya alfajiri. Usiku wa siku hiyo nilimeza kapsuli ambayo mguu haukuihitaji. Mawazo yalinyamaza, nikalala. Ninaamini uraibu wangu ulianzia hapo, wala si wiki kadhaa baadaye nilipoanza kununua dawa bila cheti.

Tramadoli ni ya jamii moja na mofini, na mbali na kutuliza maumivu hugusa pia kemikali za ubongo zinazohusika na huzuni na furaha. Ndiyo maana mtu aliyeelemewa na mawazo anaweza kupata humo nafuu ambayo hakuandikiwa. Msongo wa mawazo nao humnyima mtu usingizi na kuyafanya maumivu yaleyale yawe makali zaidi, hivyo niliposema kwamba mguu umeanza tena kuuma, sikuwa nikisema uongo mtupu. Mwili ukishazoea, kipimo cha jana hakitoshi leo, na dawa ikikosekana huja arosto: jasho, kuhara, viungo kuuma, na hofu kubwa kuliko ile iliyokufanya umeze.

Kwa hiyo nakusihi, kabla hujaandikiwa dawa hizi, mweleze daktari kama una deni, msiba au ndoa inayoyumba, hata asipokuuliza. Mimi niliona haya, nikadhani hayo si mambo ya mfupa. Dawa zikae kwa mtu mwingine nyumbani, na kila unapoziomba mwambie ni wapi panapouma. Usizichanganye kamwe na pombe wala diazepamu, ile dawa ya kutuliza wasiwasi, kwa sababu kwa pamoja zinaweza kuzima pumzi, na usizidishe kipimo, kwani tramadoli nyingi huweza kuleta degedege. Ikiwa umeshazoea, usiache ghafla. Mimi nilipunguziwa kidogo kidogo na daktari kwa wiki sita.

Katika wiki hizo nilimfuata mwenye nyumba mwenyewe, nikitembelea magongo, tukakubaliana nilipe kodi kwa awamu. Usiku ule nilipata usingizi kabla ya alfajiri.