Maswali ya Wasomaji: Kontena Lapoteza Kadi ya Grafiki

SWALI: Nina kompyuta ya Ubuntu yenye kadi ya NVIDIA, na ndani ya Docker (programu ya kuendesha programu nyingine katika makontena, yaani mazingira yaliyotengwa) naendesha programu ya kugeuza sauti kuwa maandishi. Kontena likianza, kadi inaonekana. Saa kadhaa baadaye, nvidia-smi (amri ya kukagua kadi) ndani ya kontena inasema "Failed to initialize NVML: Unknown Error", ilhali nje ya kontena inajibu vizuri. Nikilizima na kuliwasha tena, linapona. Draiva nimeibadilisha mara mbili. Kosa liko wapi?
Msomaji, Umoja, Nairobi

JIBU: Draiva usiiguse tena. Ingekuwa mbovu, nvidia-smi ingegoma hata huko nje.

Unapoanzisha kontena kwa chaguo la --gpus all, zana ya NVIDIA huliruhusu kutumia kadi bila kumjulisha systemd, msimamizi wa huduma za Linux, ambaye ndiye mlinzi wa ruhusa za vifaa. Amri ya systemctl daemon-reload ikipita, systemd huandika ruhusa upya kwa orodha aliyo nayo yeye, na kadi yako haimo. Apt, kisakinishi cha programu cha Ubuntu, huipitisha amri hiyo mara nyingi inaposakinisha masasisho, ndiyo maana unaona kama kontena limeharibika lenyewe.

Hakikisha kwanza. Kontena likiwa linafanya kazi, andika sudo systemctl daemon-reload, kisha docker exec, jina la kontena, na nvidia-smi. Kosa likitokea papo hapo, ndilo hilo.

Fungua /etc/docker/daemon.json, faili ya mipangilio ya Docker, uongeze mstari huu, unaoiambia Docker isimamie yenyewe cgroup za makontena (vikundi ambavyo Linux hutumia kugawa rasilimali na ruhusa) bila kupitia systemd:

"exec-opts": ["native.cgroupdriver=cgroupfs"]

Huenda faili tayari ina sehemu ya "runtimes". Basi tenganisha hizo mbili kwa koma. Koma moja ikikosekana, Docker haiwaki kabisa. Halafu sudo systemctl restart docker. Makontena yatasimama, kwa hiyo subiri kazi iishe. Amri ya docker info sasa ionyeshe Cgroup Driver: cgroupfs. Washa kontena, urudie jaribio la mwanzo.

Kama mashine hiyo ni nodi ya Kubernetes (mfumo wa kusimamia makontena kwenye mashine nyingi), njia hii iache: kubelet, wakala wa Kubernetes kwenye kila mashine, na programu inayoendesha makontena lazima zitumie dereva mmoja wa cgroup.

Usichanganye na kosa la "Driver/library version mismatch". Hiyo hutokea draiva ikisasishwa huku moduli ya zamani ingali ndani ya kerneli (kiini cha mfumo endeshi), na hapo kuwasha kompyuta upya kunatosha.