Kabla hujachora sebule, ijue mbao: kwa wanaoanza usanifu wa ndani na useremala Uganda

Wadogo zangu mnaomaliza S4 na S6, yaani kidato cha nne na cha sita, huniuliza waanzie wapi, chuoni au karakanani. Jibu langu ni karakanani, hata kama nafasi ya chuo umeshaipata. Programu ya kuchora kama SketchUp utaizoea kwa miezi michache. Lakini mteja analipia kabati ambalo milango yake itafunga vizuri hata msimu wa mvua, na hilo huwezi kumhakikishia kama hujashika randa na patasi.

Anzia Ndeeba, Kampala, kwenye yadi za mbao. Utakuta mvule, musizi, mugavu, paini ya mashamba ya kupandwa, na mkangazi ambao sokoni wote wanauita mahogani, mwingi ukiwa umevuka mpaka kutoka Kongo. Kila muuzaji atakuambia mbao zake zimekauka. Usibishane naye. Nunua ubao mmoja, ukate kipande kidogo katikati yake, kwa sababu ncha hukauka mapema na zitakudanganya. Kipime kwenye mizani ya jikoni, kisha kikaushe kwenye oveni yenye joto la zaidi kidogo ya nyuzi 100 mpaka uzito uache kushuka. Tuseme kilikuwa gramu 260, kikabaki 200. Maji yalikuwa gramu 60, yaani asilimia 30 ya uzito mkavu. Hiyo ni mbao mbichi. Kwa fanicha za ndani tunatafuta karibu asilimia 12.

Kwa nini nasisitiza hivi? Mbao huanza kusinyaa unyevu wake unaposhuka chini ya asilimia 30 hivi, na husinyaa kwa upana. Urefu haubadiliki sana. Ndiyo maana meza nzuri ya mvule inaweza kupasuka katikati ikiwa imeshafika sebuleni kwa mteja. Fundi alikaza uso wa meza kwenye fremu kwa gundi na skurubu pande zote, mbao ikataka kusinyaa ikakosa nafasi, ikapasuka. Hata mbao iliyokauka vizuri hutanuka na kusinyaa kidogo kila msimu unapobadilika. Kwa hiyo tundu za skurubu zilizo kwenye fremu zifanye ndefu kidogo kuelekea upana wa ubao, na gundi usiipake kati ya fremu na uso wa meza. Jambo hili dogo nimeona mafundi wa miaka mingi wakilipuuza, na huwa linaniuma, maana mti uliokua miaka hamsini unaharibiwa kwa skurubu nne.

MDF, yaani mbao za kiwandani za nyuzi za mti zilizogandamizwa kwa gundi, haina tabia hiyo, ila ina adui mmoja: maji. Angalia makabati ya jikoni kwenye nyumba nyingi za Kampala, utaona chini yamevimba pale tambara la kudekia linapopita. Inua kabati kwa miguu, ziba kingo zote, hata zile zisizoonekana.

Sasa vipimo. Urefu wa kiti, kutoka sakafuni hadi pa kukalia, sentimita 45. Meza ya kulia, 75. Kina cha kabati la nguo, 60. Hivi utavikariri kwa siku moja. Kazi ngumu ni kukipima chumba chenyewe, kwa sababu kuta zetu mara chache zinanyooka. Pengo la ukutani lipime chini, katikati na juu. Ukipata 182, 180.5 na 181, kabati lako linatokana na 180.5, tena unapunguza kidogo, halafu nafasi inayobaki unaiziba kwa ubao mwembamba uliochongwa kufuata ukuta. Pima pia mlango, kona ya ngazi na dari. Kabati la sentimita 220 lenye kina cha 60, ukiliunga likiwa limelala sakafuni, halitasimama kwenye chumba chenye dari ya 225. Kutoka pembe hadi pembe lina 228. Hapo itabidi uligawe vipande viwili, na uamuzi huo unafanyika kwenye mchoro, si mbele ya mteja.

Kuhusu shule: kuna Chuo Kikuu cha Kyambogo, kuna shule ya sanaa ya Makerere yenye jina la Margaret Trowell, na kwa anayetaka mikono zaidi kuna Nakawa, chuo kilichoanza 1971 kwa msaada wa Japani. Vyote vina heshima yake. Kabla hujalipa ada, omba kuonyeshwa karakana, uone kama mashine zinafanya kazi na kama wanafunzi ndio wanaozitumia. Na wewe uliyejifunzia kwa mjomba wako Nsambya au Arua bila cheti, usijione mdogo. DIT, kurugenzi ya serikali ya mafunzo ya viwandani, kwa miaka mingi iliwapima mafundi waliojifunza kazini na kuwapa hati. Tafuta hati ya aina hiyo, kwa sababu zabuni za shule na ofisi zinadai karatasi.

Mwisho, bei. Usitaje bei kabla hujachora jinsi utakavyokata mbao. Karatasi moja ya MDF ni sentimita 244 kwa 122. Zipange sehemu zako humo kwa penseli, hesabu na unene wa msumeno, ndipo ujue ni karatasi ngapi. Malipo ya awali yatoshe kununua vifaa vyote, na mkataba, hata wa ukurasa mmoja, uwe na mchoro wenye vipimo na sahihi ya mteja juu yake.