Akitua saa 8 usiku kuamkia tarehe 15, nafasi ianze tarehe 14

Unapangisha vyumba kwa wageni na unajiuliza anayetua saa 8 usiku kuamkia tarehe 15 umwekee nafasi ya chumba kuanzia tarehe ipi? Tarehe 14, ndugu. Mifumo ya kuhifadhi vyumba huhesabu usiku anaolala mgeni, si siku anayotua. Mgeni anayefika Zanzibar saa 8 usiku kuamkia tarehe 15 akiwa amelipia kuanzia tarehe 15, chumba chake kinafunguliwa saa 8 mchana wa siku hiyo, yaani saa 12 nzima baadaye, na huenda bado kuna mtu amelala humo.

Akishalipia ya 14, mwandikie uthibitishe kuwa atachelewa, na umwambie anayeshughulikia nafasi zako asimhesabu kama hakutokea ikipita saa 6 usiku. Hapo ndipo wengi huharibu: nafasi inafutwa mgeni akiwa bado angani.

Usimuulize "unafika saa ngapi", omba namba ya ndege. Anayokujibu huwa ni saa ya kutua. Ongeza saa moja hadi moja na nusu ya viza, uhamiaji na mizigo, kisha njia: Mji Mkongwe kama dakika 20, Paje karibu saa nzima.

Na mlinzi! Mgeni akiandika "2:00 am", usimpelekee mlinzi ujumbe ule ule, atasoma saa 2. Mwandikie "saa 8 usiku, Jumanne kuamkia Jumatano". Hilo neno kuamkia ndilo linalookoa, kwa sababu "Jumanne usiku" peke yake kila mtu ana yake.