Usiifunike Sauti ya Jeti kwa Wimbo

Wewe uliyeanza juzi kurekodi video za ndege za jeti, nina moja la kukusisitizia kabla ya mengine yote: linda sauti ya injini. Picha za ndege zikiruka zimejaa mtandaoni, lakini sauti iliyorekodiwa vizuri ni adimu, na ndiyo humfanya mtazamaji avae hedifoni na kuirudia video.

Mimi nilichelewa kulijua hilo. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nazima sauti ya kila video, napachika wimbo, kisha nafuta faili asilia ili simu ipate nafasi. Siku moja video zangu zikazibwa sauti kwa sababu ya hakimiliki. Nikabaki na ndege bubu. Mojawapo ilikuwa ya injini nne, aina ambayo siku hizi hupita kwa nadra, na mngurumo wake niliufuta kwa mkono wangu mwenyewe. Mpaka leo inaniuma. Faili asilia usizifute.

Wengi hudhani wimbo wa zamani ni wa bure. Chukua Leaving on a Jet Plane, ambao watu wengi huutamani kwa video za safari. John Denver aliutunga mwaka 1966, na kundi la Peter, Paul and Mary likaufikisha namba moja Marekani Desemba 1969. Bado una wenyewe, na haki zake ni mbili: ya utunzi na ya rekodi. Ukiupiga mwenyewe kwa gitaa, umeepukana na ya pili tu. Kumtaja mtunzi kwenye maelezo ya video nako si ruhusa. Ukitaka muziki, tafuta wenye leseni na uisome leseni hiyo yote, maana nyingine hukataza video za kuingiza pesa.

Sasa sauti yenyewe. Jeti ikikujia, husikika mlio mwembamba wa feni iliyo mbele ya injini. Ikishapita, unakuja mngurumo mzito wa gesi zinazotoka nyuma. Injini kubwa inaporusha ndege, ncha za mapanga ya feni huweza kuzidi kasi ya sauti, na hapo hutoka mlio kama wa msumeno. Huo ndio ninaousubiri kila mara! Zima marekebisho ya sauti ya kujiendesha, kwa sababu hupandisha upepo wakati wa kimya na kuubana mngurumo unapofika. Weka kiwango kwa mkono, chini kuliko unavyodhani, na uvishe maikrofoni kizuia upepo cha manyoya.

Ndege huruka na kutua zikiuelekea upepo, kwa hiyo angalia upepo kabla ya kuchagua pa kusimama. Nenda asubuhi, joto la ardhi halijaanza kuitetemesha picha.

Wimbo wako uweke ndege inapojikokota kuelekea njia ya kurukia, na uuondoe kabla injini hazijaongezwa nguvu.

Ukihariri, utakuta mngurumo umechelewa kuliko picha. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, hivyo ndege iliyo umbali wa kilomita moja itasikika sekunde tatu baadaye. Wageni wengi huivuta sauti ilingane na picha. Iache ilivyo, kwani mtazamaji huusikia umbali ndani ya zile sekunde tatu.