V8 na giaboksi ya gia nne kwenye Impala ya 1966: injini ndiyo kazi rahisi

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili kabla ya kujibu. Una Impala ya 1966 ya silinda sita na Powerglide, giaboksi ya otomatiki ya gia mbili. Umepata V8 ya 350 (ukubwa wake kwa inchi za ujazo) pamoja na giaboksi yake ya otomatiki ya gia nne, 700-R4, zote zimetoka kwenye pikapu ya 1988, na unauliza kama wikendi mbili zitatosha kwa kuwa "vyote ni Chevrolet, vinaingiliana".

Nilianza na gari kama lako kabisa, injini ya 250, Powerglide, rangi imefifia. Nilijipa wikendi tatu. Gari lilitoka gereji baada ya miezi minane, na katikati hapo giaboksi niliiunguza kwa mkono wangu mwenyewe. V8 yenyewe ilikaa mahali pake mchana mmoja tu. Miezi yote iliyobaki ilikwenda kwenye vitu vya kuunganisha, vile ambavyo muuzaji wa injini hakutajii.

Kuingiliana vinaingiliana, hilo ni kweli. Mpangilio wa boliti za nyuma wa V8 ndogo za Chevrolet haujabadilika tangu 1955, na 700-R4 yako inaushika bila adapta yoyote. Lakini nyuma ya injini yako kuna tofauti ya kuangalia. Kuanzia 1986 sili ya nyuma ya krankishafti imekuwa ya kipande kimoja, na uso wa kranki ukabadilika nayo: fleksipleti (sahani yenye meno inayounganisha kranki na giaboksi) ya injini ya zamani haikai hapo, na ya kwako ina kiuzito cha kusawazisha ambacho za zamani hazina. V8 yangu ilikuwa ya kabla ya 1986, kwa hiyo usinakili vipuri vyangu. Ukiwa hapo hesabu meno ya fleksipleti. Zipo za meno 153 na za meno 168, na kila moja ina stata yake. Ya 168 hutaka stata yenye boliti mbili zilizopishana, ya 153 hutaka zile zilizo sambamba. Ukichanganya utasikia mlio wa chuma kinachotafuna chuma, hutausahau.

Kama utaacha mfumo wa sindano wa pikapu na kuweka kabureta, tafuta manifoldi ya kuingizia (inayokaa chini ya kabureta) ya 1987 kuja mbele. Vichwa vya chuma vya miaka hiyo vina boliti nne za katikati zenye pembe tofauti na za zamani. Nimeona watu wakizilazimisha, halafu wanashangaa injini inanyonya hewa. Chungulia pia kama bloku yako imetobolewa tundu la pampu ya petroli ya kimekanika na kama kamshafti ina sehemu ya kuisukuma. Kama havipo, utaweka pampu ya umeme na habari imeisha.

Mauntini za mbele sitazizungumzia sana: vishikio vya chasi vya silinda sita havikufaa V8, nikavitoa nikafunga vya V8. Springi za mbele nazo nilibadili, maana V8 ya chuma ina kilo kama 260 na pua ya gari ilishuka. Pulei za feni belti ziwe za familia moja, kwani kuanzia 1969 pampu ya maji ni ndefu na kabla ya hapo ilikuwa fupi. Ukichanganya pulei, belti inakimbia pembeni. Basi.

Tuje kwenye giaboksi, ambako ndiko moyo wa kazi uko.

Kwanza nikuulize kwa nini unaitaka 700-R4 na si Turbo-Hydramatic 350 ya gia tatu, ambayo haina makuu na ina urefu unaokaribiana kabisa na Powerglide yako. Mimi nilikuwa na sababu. Difu yangu ina uwiano wa 3.31. Gia ya kwanza ya Powerglide ya silinda sita ni 1.82, kwa hiyo nguvu ya kuzungusha inayofika magurudumuni ilikuwa imezidishwa mara 6 tu. Gia ya kwanza ya 700-R4 ni 3.06, na hiyo inanipa mara 10. Gari lilelile, kilima kilekile, ni kama limepewa magoti mapya. Upande wa pili, gia ya nne ni 0.70. Kwa matairi yangu, mwendo wa kilomita 100 kwa saa ulikuwa unataka mizunguko kama 2,550 kwa dakika, sasa ni 1,800. Kama safari zako ni fupi za ndani ya mji, hesabu hii haikulipi. Weka ya gia tatu ulale usingizi.

Bado unaitaka? Haya, chukua futi kabla hujalegeza nati hata moja. Powerglide ina urefu wa sentimita 70 hivi kutoka uso wa kengele (ganda la mbele linalofungwa kwenye injini) hadi mwisho wa mkia, 700-R4 ina 78. Mauntini ya nyuma inarudi nyuma kama sentimita 5. Maana yake krosimemba (boriti ya chasi inayobeba giaboksi) inahama na propela shafti inakatwa. Yoki ya mbele ya shafti (kiungo kinachoingia kwenye mkia wa giaboksi) usinunue, ni ya meno 27 kwenye giaboksi zote mbili. Mimi shafti ya kwanza niliipima gari likiwa limening'inia kwenye stendi, ekseli ya nyuma imelegea chini. Gari liliposhushwa juu ya magurudumu yake kipimo kilikuwa kingine, na kile kipande cha shafti bado kinaegemea ukutani gereji, nakitumia kama nyenzo. Pima gari likiwa limesimama na uzito wake wote, acha nafasi kama sentimita 2 ili yoki iweze kuingia na kutoka, na baada ya kukatwa shafti isawazishwe kwenye mashine. Kwa pembe za krosi (viungo vya shafti), mkia wa giaboksi na pua ya difu viwe sambamba. Mimi nilikuwa na tofauti ya digrii mbili tu na kiti cha nyuma kilikuwa kinatetemeka.

Sasa konveta, chombo cha mafuta kinachopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi. Inaingia kwa hatua tatu: shafti ya kuingizia, kisha ile ya kati iliyosimama, kisha pampu. Unaizungusha huku unaisukuma na kila hatua unaisikia "tuku" ikishuka. Wengi husikia mbili wakadhani imefika. Ukifunga giaboksi ikiwa hivyo na kuivuta kwa boliti, unaiponda pampu kabla gari halijawaka hata mara moja. Kipimo changu ni hiki: kengele iguse bloku kwa mikono tu, bila boliti kuvuta, konveta izunguke kwa vidole, na kati yake na fleksipleti uwepo mwanya wa milimita 3 hadi 5. Hapo ndipo unaivuta mbele na kufunga boliti zake. Hakuna mwanya? Simama, teremsha giaboksi, anza tena. Mimi niliteremsha mara mbili, usiku, na nilitukana kila kitu kilichokuwa karibu, lakini pampu ikapona.

Kisha kebo. Hapa tulia, soma polepole.

700-R4 ina kebo inayotoka kwenye kabureta na kuingia ubavuni mwa giaboksi. Mtu aliyezoea giaboksi za zamani anaiangalia na kusema hii ni ya kushusha gia ukikanyaga mafuta hadi chini, nitaifunga baadaye. Ndivyo nilivyosema. Hiyo kebo ndiyo inayoiambia giaboksi umekanyaga kiasi gani, na kutokana na hapo presha ya mafuta ndani inapanda au inashuka. Kebo ikiwa legevu, wewe unakanyaga, injini inatoa nguvu, na klachi za ndani zimeshikwa na presha ya gari lililo sailensa (injini inanguruma bila kukanyagwa). Zinateleza. Zikiteleza zinaungua, na wewe kwenye kiti huhisi kitu zaidi ya gia kubadilika kwa ulaini wa kupendeza. Nilimwambia aliyekuwa pembeni yangu, "sikia inavyobadilisha, siagi". Tulienda na kurudi, haikufika hata nusu saa. Kesho yake gia ya tatu haikuwepo. Nilipochomoa dipstiki mafuta yalikuwa ya kahawia na yananuka kama kitu kilichosahauliwa jikoni.

Na si kwamba sikuifunga kabisa. Nilitengeneza kishikio kwa kipande cha bati, nikaichomeka kwenye mkono wa kabureta palipokuwa na tundu. Kasoro ilikuwa umbali wa tundu hilo kutoka kwenye ekseli ya kabureta. Kebo ilikuwa inavutika, ila haikuvutika kwa kiwango sahihi katikati ya safari ya pedali. Kipo kipande kinachouzwa cha kurekebisha pembe hiyo kwa kila aina ya kabureta. Kinunue, ni cha bei ndogo ukilinganisha na seti ya klachi. Kanuni mbili: sailensa, kebo isiwe na ulegevu, pedali ikiwa chini kabisa, kebo iwe imevutika hadi mwisho wake. Mara ya pili nilifunga na geji ya presha kwenye tundu la ubavuni na kuangalia sindano ikipanda mwenzangu akikanyaga. Bila kuona sindano hiyo ikifuata mguu, gari langu halikuondoka tena.

Giaboksi ikishaungua, mabaki yake yanakaa kwenye kipozeo cha mafuta yake na mabomba yake. Niliyasafisha kwa kuyapuliza na kemikali, na badala ya kutegemea kile kilicho ndani ya rejeta nikaweka kipozeo kipya mbele yake. Kwa konveta, usioshe. Badili.

Kitu kingine ambacho Powerglide haikukuzoesha nacho ni kufuli ya konveta. Ndani kuna solenoidi inayotaka volti 12 ili konveta ijifunge kwenye gia ya juu, na kwenye pikapu ilikuwa inaamriwa na kompyuta. Bila kompyuta unapitisha umeme kwenye swichi ya breki, ili ijifungue ukikanyaga breki, na kwenye swichi ya vakumu. Ukiiacha bila waya gari linatembea, ila konveta inateleza muda wote wa gia ya nne na joto linapanda.

Kwenye umeme nilipoteza siku nne kwa upuuzi mmoja. Waya wa koili wa gari la 1966 una ukinzani makusudi, kwa ajili ya pointi, zile swichi za kimekanika za cheche. Distributa ya HEI, ya kielektroniki, inataka volti 12 kamili. Gari liliwaka vizuri, likipanda mizunguko linakohoa. Nilibadili plagi, nikacheza na kabureta, nikabadili taimingi. Ulikuwa ule waya tu. Na usisahau mfuatano wa kuwaka: umezoea 1-5-3-6-2-4, sasa ni 1-8-4-3-6-5-7-2.

Mkono wa gia ulio kwenye usukani wa Impala umetengenezewa P, R, N, D, L. Giaboksi mpya ina nafasi mbili zaidi. Nilibadili urefu wa mkono wa chini hadi P na N zikakaa sawasawa, nyingine nazihesabu kwa kidole. Mke wangu hakubali kuliendesha kwa sababu hiyo, na sina hoja ya kumpinga.

Na breki. Gari la 1966 lina masta silinda ya saketi moja, bomba likipasuka popote umebaki na breki ya mkono. Kuanzia 1967 ndipo zikaja za saketi mbili. Unaongeza nguvu kwenye gari zito lenye ngoma mbele na nyuma. Ibadili hiyo kabla ya V8 kuingia, kipindi boneti iko nje na kuna nafasi ya kupenyeza mkono.

Kwa hiyo si wikendi mbili. Nitumie picha ya namba iliyosubiwa nyuma ya bloku, juu ya mdomo unaogusa kengele upande wa kushoto, na nyingine ya kabureta unayotaka kutumia, nikuambie kishikio kipi cha kebo kinaiendea.